Diski au kustrimu: mwongozo kamili wa kupata picha bora ya filamu nyumbani

Alama ya 4K kwenye kasha la diski na alama ya 4K kwenye programu ya kustrimu zinahesabu kitu kimoja tu: nukta za skrini, 3840 kwa 2160. Hazisemi ni data kiasi gani imetumika kuzijaza nukta hizo, na ubora wa picha unapatikana au kupotea hapo hapo. Ndiyo maana filamu ile ile inaweza kuwa safi kwenye diski na kuwa na ukungu wa miraba mtandaoni, ingawa runinga inatangaza 4K pande zote mbili. Kinyume chake pia hutokea: mtu ananunua deki ya bei kubwa, anaiunganisha vibaya, na anachokiona hakizidi strimu ya kawaida.

Hatua zilizo hapa chini zina mpangilio wake. Zifuate kwa zamu, kwa sababu mbili za kwanza zinaweza kukuonyesha kwamba huhitaji kununua chochote.

Hesabu ya data kwanza

DVD hubeba gigabaiti 4.7 kwenye tabaka moja au 8.5 kwenye tabaka mbili, na video yake haivuki megabiti 9.8 kwa sekunde. Blu-ray, iliyoingia sokoni mwaka 2006, hubeba gigabaiti 25 au 50, na video yake hufika megabiti 40. Blu-ray ya 4K, iliyokuja mwaka 2016, hufika gigabaiti 100 ikiwa na tabaka tatu, na kasi yake ya juu kabisa huvuka megabiti 100 kwa sekunde. Filamu halisi hazitumii kasi hiyo muda wote. Nyingi huwa kati ya megabiti 40 na 80.

Upande wa mtandaoni, filamu ya 4K kwa kawaida hupita kwa megabiti 15 hadi 25.

Geuza namba hizo ziwe ujazo, ukikumbuka kwamba baiti moja ni biti nane. Megabiti 15 kwa sekunde ni gigabaiti 6.75 kwa saa, ndiyo sababu Netflix huwaambia wateja wake kwamba 4K inaweza kula hadi gigabaiti 7 kwa saa. Filamu ya saa mbili basi inakula gigabaiti 13.5. Diski inayokwenda kwa wastani wa megabiti 60 inatumia gigabaiti 54 kwa filamu hiyo hiyo, yaani mara nne.

Data mara nne haimaanishi picha nzuri mara nne. Kodeki, yaani programu ya kubana na kufungua video, hufanya kazi kwa kukisia picha inayofuata kutokana na ile iliyotangulia, kisha hurekodi tofauti peke yake. Uso wa mtu aliyekaa kwenye mwanga wa kutosha, nyuma yake ukuta uliotulia, unakisiwa kwa urahisi, na megabiti 15 zinautosha kabisa. Taabu huanza pale ambapo kila kitu kinasogea bila mpango: moshi, mvua, povu la mawimbi, vumbi, majani yanayopeperushwa na upepo, na zile chembechembe za filamu za zamani zilizopigwa kwa ukanda. Hapo kodeki haina cha kukisia. Ikibanwa na kasi ndogo, inafuta chembechembe, inalainisha ngozi hadi ionekane kama plastiki, au inaacha miraba inayotembea.

Giza ni adui wa pili. Kodeki hunyima data sehemu zenye giza kwa matumaini kwamba jicho halitagundua. Kwenye chumba chenye taa huenda usigundue. Zima taa, na anga la usiku litajitokeza kwa mistari kama ngazi, rangi moja ikikatika ghafla kuingia nyingine badala ya kufifia polepole.

Usidhani pia kwamba diski yoyote ni bora kwa sababu ni diski. Diski iliyochomwa ikiwa na filamu kumi ndani ya gigabaiti 4.7 inaipa kila filamu takriban megabaiti 470. Kwa filamu ya dakika 105, hiyo ni karibu megabiti 0.6 kwa sekunde. Strimu ya kawaida ya HD inaishinda.

Hatua ya 1: Pima umbali wa kiti chako

Chukua futi ya kupimia, upime kutoka kwenye skrini hadi macho yako yanapokuwa unapokaa kutazama. Jicho lenye afya hutofautisha vitu vilivyoachana kwa pembe ya sehemu moja ya sitini ya digrii. Kwa runinga ya inchi 55, mpaka huo ni takriban mita 2.2 kwa picha ya 1080p (nukta 1920 kwa 1080) na takriban mita 1.1 kwa 4K. Kwa inchi 65 ni mita 2.6 na mita 1.3.

Maana yake ni hii: ukikaa mita 3 kutoka kwenye runinga ya inchi 55, nukta za ziada za 4K hazikufikii. Lakini makosa ya kubana, yaani miraba na ngazi za rangi, ni makubwa kuliko nukta moja, na utayaona hata kutoka mita 3. HDR pia, ule upana wa mwanga na rangi, haijali umbali. Kwa mtu wa kiti cha mbali, Blu-ray ya kawaida ya 1080p ni chaguo lenye akili kuliko inavyodhaniwa: video yake ya megabiti 25 au 30 husimama imara kwenye moshi na mvua, mahali ambapo strimu nyingi za 4K huyumba.

DVD ni habari nyingine. Picha yake ya 720 kwa 576 ina nukta 414,720, na runinga ya 4K ina 8,294,400. Kila nukta ya DVD inabidi itanuliwe ijaze nukta 20. Tumia DVD kwa filamu ambazo hazikutolewa kwa namna nyingine.

Hatua ya 2: Pima intaneti pale pale runinga ilipo

Usipime kwenye simu ukiwa umesimama kando ya ruta. Fungua kivinjari cha runinga yenyewe, ingia fast.com, upime saa zile unazotazama filamu, kwa kawaida jioni, mtandao unapokuwa na watu wengi. Pima mara tatu kwa siku tofauti, kisha uitegemee namba ndogo kuliko zote.

Netflix inapendekeza megabiti 15 kwa 4K na megabiti 5 kwa 1080p. Sisi tungetaka akiba zaidi: megabiti 25 zisizoyumba kwa runinga moja ya 4K, na zaidi ikiwa kuna wengine nyumbani wanaotumia mtandao huo huo. Neno lenye uzito hapo ni kuyumba. Huduma hizi hukata filamu vipande vya sekunde chache, kila kipande kikiwa tayari kwa viwango kadhaa vya ubora, na programu huchagua kiwango kinachoendana na kasi iliyopo wakati huo. Laini ya megabiti 60 inayoanguka hadi 4 kila baada ya dakika chache itakupa picha mbovu kuliko laini ya megabiti 20 iliyotulia.

Ikiwa unatumia bando lenye kikomo, rudia hesabu ya gigabaiti 7 kwa saa kabla ya kusonga mbele. Filamu nne za saa mbili kwa 4K ni gigabaiti 56. Kwa mtu wa namna hiyo, diski huenda ndiyo njia nafuu, ubora ukiwa nyongeza.

Hatua ya 3: Linganisha kwa haki

Azima au nunua diski moja ya filamu ambayo pia ipo kwenye huduma unayoilipia. Chagua tukio la usiku lenye moshi au mvua. Kabla ya kulinganisha, hakikisha mambo matatu.

Kwanza, mpangilio wa picha uwe mmoja. Runinga nyingi huhifadhi mipangilio tofauti kwa kila tundu la HDMI, tofauti tena kwa programu za ndani, na tofauti kwa HDR na isiyo HDR. Watu wengi hudhani wanalinganisha diski na strimu kumbe wanalinganisha mipangilio miwili ya mwangaza.

Pili, iache strimu iende dakika moja au mbili kabla ya kuhukumu, maana huanza na ubora wa chini kisha hupanda.

Tatu, usisimamishe picha. Makosa ya kubana huonekana vitu vinaposogea.

Ukishindwa kuona tofauti ukiwa kwenye kiti chako cha kawaida, taa zikiwa kama unavyozipenda, basi kwa macho yako na chumba chako strimu inatosha. Ruka hadi hatua ya 7.

Hatua ya 4: Chagua deki

Deki ya DVD haisomi Blu-ray, na deki ya Blu-ray ya kawaida haisomi Blu-ray ya 4K. Leza ni tofauti: DVD husomwa kwa mwanga mwekundu wa nanomita 650, Blu-ray kwa wa zambarau wa nanomita 405, na mashimo ya Blu-ray ni madogo zaidi. Kurudi nyuma kunawezekana: deki ya 4K kwa kawaida husoma zote tatu.

Aina za deki zinapungua. Oppo ilijitoa mwaka 2018, na Samsung ikatangaza mwaka 2019 kwamba haitaleta deki mpya za Blu-ray Marekani. Ukinunua iliyotumika, ijaribu kwa diski ya 4K yenye tabaka tatu, gigabaiti 100, na uitazame ikipita katikati na mwisho wa filamu. Leza iliyochoka husoma mwanzo vizuri, kisha hukwama mbele.

Mashine za michezo ni njia mbadala nzuri. Xbox Series X na PS5 yenye tundu la diski husoma Blu-ray ya 4K. PS4 Pro haisomi, ingawa jina lake linawapotosha wengi. PS5 haitoi Dolby Vision, aina ya HDR ya kampuni ya Dolby, kutoka kwenye diski. Utapata HDR10, aina ya msingi ya HDR, ambayo kila Blu-ray ya 4K yenye HDR inayo. Kompyuta tusingeipendekeza: ulinzi wa diski za 4K ulitegemea SGX, sehemu ya usalama ndani ya vichakato vya Intel, na kampuni hiyo iliiondoa kwenye vichakato vya Core kuanzia kizazi cha 11.

Kisha angalia kanda za mauzo. DVD zina kanda 1 hadi 6 za nchi: Marekani na Kanada ni 1, Ulaya na Japani ni 2, sehemu kubwa ya Afrika pamoja na India ni 5. Blu-ray ya 1080p ina A, B na C, na Afrika ipo B pamoja na Ulaya na Australia. Diski ya kanda nyingine hukataliwa na deki hata ikiwa safi kabisa. Blu-ray za 4K hazina kufuli la kanda, lakini ile ya 1080p inayowekwa kwenye kasha moja nayo inaweza kuwa nalo.

Hatua ya 5: Unganisha

Tumia kebo ya HDMI iliyoandikwa Premium High Speed, inayobeba gigabiti 18 kwa sekunde. Isizidi mita 3 kama chumba kinaruhusu. Kebo ndefu na nyembamba huleta skrini inayozima na kuwaka, au vinukta vyeupe vinavyometa.

Ingiza kebo kwenye tundu linalokubali 4K yenye HDR na HDCP 2.2, yaani ulinzi dhidi ya kunakili. Runinga nyingi huja tundu hilo likiwa limefungiwa uwezo wake, na inabidi ulifungue kwenye menyu: kwenye LG tafuta HDMI Deep Colour, kwenye Samsung tafuta Input Signal Plus, kwenye Sony tafuta Enhanced format. Usipofanya hivyo, picha itakuja bila HDR na hakuna ujumbe utakaokuambia. Kosa hili huinyima diski ya 4K sehemu kubwa ya ubora wake.

Upande wa sauti tofauti ni kubwa kuliko ya picha. Dolby Atmos, sauti ya kumzunguka msikilizaji, mtandaoni husafiri kwa Dolby Digital Plus, na kwa Netflix haizidi kilobiti 768 kwa sekunde. Diski hubeba Dolby TrueHD au DTS-HD Master Audio, ambazo hazipotezi chochote cha sauti asilia na hutumia megabiti kadhaa. Ikiwa unasikiliza kwa spika za runinga, hayo hayatakufikia. Ikiwa una amplifaya au saundiba yenye matundu ya HDMI, pitisha deki hapo kwanza ndipo iende kwenye runinga. Kama lazima deki iingie kwenye runinga na sauti irudi kwenye spika, runinga na spika zote mbili ziwe na eARC, njia pana ya kurudisha sauti kupitia HDMI. ARC ya kawaida haina nafasi ya kupitisha TrueHD. Jihadhari na DTS: Samsung iliiacha kwenye runinga zake kuanzia 2018, hivyo diski ya DTS iliyounganishwa kupitia runinga hizo inaweza kutoka bila sauti. Dawa yake ni kuiambia deki igeuze sauti iwe PCM, yaani sauti isiyobanwa.

Hatua ya 6: Panga deki na runinga

Kwenye deki:

- Washa toleo la 24p. Filamu nyingi hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Deki ikituma 60, kamera inapogeuka polepole picha hurukaruka.
- Weka azimio kwenye automatiki.
- Weka sauti kwenye Bitstream (deki huipitisha bila kuifungua) ikiwa una amplifaya, PCM ikiwa huna.
- Zima sauti ya pili, mara nyingi huitwa BD Audio Mix au Secondary Audio. Ikiwa imewashwa, deki huchanganya milio ya menyu na sauti ya filamu, na TrueHD haitoki tena ikiwa kamili.
- Sasisha programu ya deki. Diski mpya hutumia funguo mpya za ulinzi, na deki ya zamani isiyosasishwa huzikataa kama vile zimeharibika.

Kwenye runinga, chagua Filmmaker Mode au Cinema. Zima kulainisha mwendo: TruMotion kwa LG, Motionflow kwa Sony, Auto Motion Plus au Picture Clarity kwa Samsung. Shusha ukali wa picha hadi kiwango kisichoongeza kitu, ambacho kwa runinga nyingi ni sifuri au karibu yake, kwa sababu ukali wa kutengenezwa huchora kingo nyeupe kuzunguka vitu na kuzikuza chembechembe. Zima pia kupunguza kelele za picha (Noise Reduction). Kazi yake ni kufuta data ile ile uliyoinunulia diski.

Hatua ya 7: Ongeza ubora wa strimu

Vuta waya wa mtandao hadi kwenye runinga. Tundu la waya kwenye runinga nyingi huishia megabiti 100, na zinatosha mno kwa kustrimu. Kama waya haiwezekani, tumia Wi-Fi ya gigahezi 5 badala ya 2.4 ikiwa ruta iko karibu. Kuta nene zikiwa katikati, 2.4 hupenya zaidi lakini hugombaniwa na majirani.

Angalia kifurushi chako kinaruhusu ubora gani, maana huduma nyingi huuza 4K kwenye kifurushi cha juu pekee. Kisha ingia kwenye akaunti yako, tafuta mipangilio ya matumizi ya data, uweke ya juu. Ikiwa imewekwa ya kubana, runinga nzuri na laini nzuri havitasaidia.

Tazama kwa programu ya runinga au kisanduku cha kustrimu. Vivinjari vingi vya kompyuta huwekewa kikomo cha 720p au 1080p na watoa huduma. Kwenye simu za Android, sababu huwa Widevine, mfumo wa Google wa kulinda video: simu yenye kiwango cha L1 hupata HD, yenye L3 hubaki kwenye ubora wa chini hata skrini yake iwe nzuri namna gani.

Filamu ipi inunuliwe kwa diski

Usigeuze maktaba nzima. Nunua diski kwa filamu utakayoirudia, hasa iliyopigwa kwa ukanda wa milimita 35 au 70 na kuskaniwa upya kwa 4K, zile zenye giza jingi, na zile ambazo sauti ndiyo nusu ya kazi. Vichekesho, makala za runinga na tamthilia za kutazama mara moja ziache mtandaoni. Chunguza pia chanzo: filamu nyingi za kidijitali zilimalizwa kwa 2K, yaani karibu nukta za 1080p, kisha zikakuzwa, na diski yake ya 4K inaongeza HDR na data zaidi, si nukta halisi.

Kuna suala la umiliki, na tunalichukulia kwa uzito. Filamu uliyoinunua mtandaoni ni leseni. UltraViolet, iliyokuwa hifadhi ya ununuzi wa namna hiyo, ilifungwa tarehe 31 Julai 2019. Desemba 2023 PlayStation ilitangaza kuondoa vipindi vya Discovery ambavyo wateja walikuwa wamevilipia, kisha ikaahirisha. Tangu 1 Januari 2025, sheria ya jimbo la California inawalazimu wauzaji kumweleza mnunuzi wazi kwamba anapata leseni. Filamu ambayo hutaki kuikosa iwe na diski kabatini.

Kutunza diski, na inapokwama

Tabaka la data la DVD liko katikati ya unene wa diski, milimita 0.6 ndani. Kwenye Blu-ray liko milimita 0.1 tu kutoka usoni, likilindwa na utando mgumu. Blu-ray haikwaruziki upesi, lakini mkwaruzo wa kina huifikia data mara moja, na alama ya kidole huitatiza zaidi.

Safisha kwa kitambaa laini cha nyuzi ndogo, ukifuta kutoka tunduni kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Mkwaruzo unaokatiza njia ya leza hurekebishwa na mfumo wa kusahihisha makosa. Ule unaofuata njia hiyo hufuta mfululizo mrefu ambao hauwezi kurudishwa. Doa likikataa, tumia maji yenye tone la sabuni laini, suuza, kausha. Karatasi ya kufutia mikono huacha mikwaruzo.

Filamu ikikwama karibu na katikati, mara nyingi ni mahali ambapo leza inahama tabaka. Safisha diski, chomoa deki kwenye umeme kwa dakika moja, sasisha programu, ujaribu tena. Ikikwama pale pale kwenye deki mbili tofauti, kasoro ni ya diski, irudishe dukani. Ikikwama mahali tofauti kila mara, shuku deki.

Hifadhi diski zikiwa zimesimama ndani ya makasha, mbali na jua na unyevu. Ukiona mawingu ya kahawia au madoa yanayoenea kutoka ukingoni, gundi au tabaka la metali linaoza na hakuna kusafisha kutakakosaidia. Kampuni ya filamu ya Warner ilikiri mwaka 2025 kwamba baadhi ya DVD zake zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zina tatizo la kushindwa kusomeka, na imekuwa ikiwabadilishia wateja. Kama una DVD zake za miaka hiyo, zijaribu moja moja hadi mwisho wa filamu mapema, wakati bado inawezekana kupata mbadala.